Vipande Sita vya Mwanzi

Kamanthe alikuwa na kazi ambayo hakuna mtalii aliyewahi kuiulizia. Wanaume wa Wamunyu, mji wa wachongaji vinyago huko Ukambani, walichonga, yeye alisugua. Twiga akitoka kwenye tezo ya mumewe Kiema bado ana makovu mwili mzima, alipelekwa kwa Kamanthe, naye alishinda naye tangu asubuhi: msasa mkali kwanza, msasa laini baadaye, kisha rangi ya viatu na kitambaa mpaka mnyama ang'ae. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Chini ya kila kinyago iliandikwa nambari ya mchongaji. Msuguaji hakuwa na nambari, na Kamanthe hakuona ajabu yoyote.

Ila vidole vyake vilijulikana. Kiema alizoea kumpa swara wawili wa mpingo, amwambie afumbe macho, aseme ni pembe ipi iliyo nene. Kamanthe alisema, na hakukosea, hata tofauti ikiwa ni ya unywele.

Mwezi wa sita mwaka wa 1998, mvua za El Nino zikiwa zimeacha kila bwawa la Ukambani limefurika, Mzee Yahya alifika Wamunyu kutoka Machakos mjini akiwa na mfuko mrefu wa kitambaa kwapani. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mzaliwa wa mji ule ule, Mwislamu mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mito ya Mlima Kenya, akiwaongoza wageni waliokwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi. Alipostaafu, mgeni mmoja wa miaka mingi alimwachia ufito wake wa kuvulia, uliotengenezwa kwa mkono kwa mwanzi. Sasa mlango wa gari ulikuwa umeibana ncha yake ukaikata.

Alikuwa amepita vibanda vitatu. Cha nne kilikuwa cha akina Kiema, na mkubwa wao humo alikuwa Nzuki, mchongaji wa simba. Nzuki aliutazama ufito, akaurudisha.

"Mzee, sisi ni watu wa mpingo," alisema. "Hii ni nyasi."

Wenzake walicheka. Mzee Yahya hakukasirika. Alianza kuurudisha mfukoni polepole, kama mtu anayemvisha mtoto mgonjwa nguo, na huo upole ndio uliomfanya Kamanthe ajifute rangi mikononi na kusogea.

"Baba, naomba niushike."

Alipewa. Alitarajia uzito wa fimbo, na mkono wake ukapanda juu wenyewe, kwa vile kitu kile hakikuwa na uzito wowote wa kutajwa. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa sana. Aliupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kuanzia kishikio kwenda juu. Haukuwa wa mviringo. Ulikuwa na pande sita, zote sawa, zikipungua kidogo kidogo mpaka juu penye mkato, ambako ulikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Alitafuta mahali palipounganishwa. Alirudia kwa ukucha. Hakupaona.

"Huu ni mwanzi mmoja?" aliuliza.

"Ni vipande sita, mama," Mzee Yahya akamjibu. "Mwanzi unapasuliwa, kila kipande kinapigwa randa kiwe na pembe tatu, halafu vyote sita vinagundishwa. Vikikutana vizuri, unaona kimoja."

Kamanthe aliugeuza ufito mkononi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akificha makosa ya watu kwa msasa. Hapa palikuwa na mtu, asiyemjua wala hatamjua, ambaye hakuacha kosa la kufichwa.

"Niachie hiyo ncha iliyovunjika," alisema. "Sikuahidi kitu. Nataka tu kuiona ndani."

Jioni ile aliweka kile kipande juu ya mvuke wa sufuria mpaka gundi ya zamani ikalegea, na vipande sita vikafunguka kama maganda ya kunde. Alivipanga juu ya meza, akamwita Kiema.

"Baba Munyiva, njoo uangalie vifundo."

Mwanzi una vifundo, na penye kifundo ndipo huvunjika. Yule fundi alikuwa amevipanga vipande vyake hivi kwamba hakuna kifundo kilicholala kando ya kifundo kingine. Kila penye udhaifu wa kimoja, jirani zake walikuwa wazima. Na zile pande za ndani, zilizofichwa na gundi miaka arubaini na zaidi, zilikuwa laini kama kioo.

"Huku ndani nani angeona?" Kiema aliuliza.

"Hakuna."

Kiema aliinama tena juu ya meza. Asubuhi yake alichukua gogo dogo la mpingo na kumchongea mkewe mfereji wenye pembe, wa kulazia kipande cha mwanzi wakati wa kukipiga randa. Aliurudia mara tano kabla Kamanthe hajaukubali.

Kupata mwanzi ndiko kulikomtesa. Wa kwanza, wa ua wa jirani, ulivunjika ukiwa bado kwenye randa. Wa pili ulikubali kupinda, ukabaki umepinda. Miezi miwili ilipita, Nzuki akimuuliza kila siku kama nyasi imeota. Kisha siku moja Kamanthe alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake, Nzisa, akainua macho. Chini ya paa palikuwa na mwanzi mrefu ambao marehemu baba mkwe alikuja nao kutoka kambi ya wakata miti mlimani, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Ulikuwa umekula moshi na joto la meko siku zote hizo, umekuwa mwekundu.

"Mwaitu, mama yangu, naomba huo mwanzi," Kamanthe alimwambia.

"Wa nini?"

"Wa kuvua samaki."

Nzisa alitazama nje, ambako hapakuwa na mto wala kisima. "Basi uchukue," alisema. "Ukishika samaki, niletee."

Mwanzi ule ulipopasuliwa ulitoa mlio mkavu kama wa chuma. Kamanthe alifanya kazi baada ya kumaliza twiga wa watu. Alipiga randa mara moja, akafumba macho, akalinganisha kwa vidole na kipande cha yule fundi, akapiga tena. Upande wa nje wenye ganda hakuugusa, kwa kuwa Mzee Yahya alimwonya kwamba nguvu zote za mwanzi ziko karibu na ngozi yake. Alitupa vipande kumi na saba ili apate sita. Alivigundisha, akavifunga kwa uzi, akavining'iniza vikauke. Kisha akafungia pete ndogo za kupitishia kamba kwa uzi wa hariri, akapaka vanishi mara nne, kila mara akingoja wiki nzima vumbi litulie. Mwezi wa kumi na mbili alimpelekea Mzee Yahya habari.

Walikutana kwenye bwawa la Maruba, nje kidogo ya mji wa Machakos, asubuhi isiyo na upepo. Kiema alikuja pia. Mzee Yahya alichomeka ncha mpya kwenye ufito, akapitisha kamba, na mwisho wake akafunga ndoana iliyovishwa manyoya ya kuku ikafanana na mdudu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa uzee. Kamanthe aliiona, akaogopa.

Kisha mzee akaanza kurusha, na kutetemeka kukaisha.

Aliuinua ufito, kamba ikatoka majini ikapita juu ya bega lake, ikajinyoosha yote nyuma yake hewani. Mzee alingoja. Hakugeuka kuangalia. Ufito ulijikunja polepole, kuanzia ncha mpaka karibu na kishikio, kama mtu anayevuta pumzi, na mzee akausukuma mbele kidogo tu, kama anayegonga mlango wa watu waliolala. Kamba ikarudi juu ya kichwa chake ikiwa imefanya kitanzi chembamba, ikajifungua mbali kabisa juu ya bwawa, na manyoya yakatua majini bila kuacha hata kiwimbi.

Kamanthe aligundua kwamba alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono.

"Ncha inasemaje?" aliuliza.

Mzee Yahya alirusha tena mara mbili akisikiliza. "Ile ya kwanza ilikuwa na haraka kidogo," alisema. "Hii yako ni tulivu. Si ile, mama. Lakini ni ndugu yake, baba mmoja."

Akampa ufito. Mara ya kwanza Kamanthe aliharakisha, na kamba ikamwangukia kichwani. "Usiupige," mzee alisema. "Ipe kamba nafasi ifike nyuma. Yenyewe itakwambia." Mara ya sita alingoja, na ndani ya kiganja chake akausikia uzito wa kamba ukifika, mdogo lakini dhahiri, kama mtoto anayevuta kidole cha mama yake. Akasukuma. Kamba ikaenda. Haikwenda mbali, wala haikunyooka sana, lakini ilikwenda, na vile vipande sita alivyokuwa amevijua kimoja kimoja vilikuwa vimefanya jambo moja.

Manyoya yalipozama, kitu kikayashika. Ufito uliinama mpaka ncha ikaingia majini.

"Mzee, shika," Kamanthe alisema. "Utavunjika."

"Umeutengeneza wewe. Shika wewe."

Alikuwa kambare, mzito, akielekea chini kwenye matope. Robo saa nzima Kamanthe alirudi nyuma na kwenda mbele ukingoni, viatu vimebaki kwenye tope, akisikia kila mshtuko wa samaki ukipita kwenye kazi yake. Alikuwa akingoja mlio wa kuvunjika. Haukuja. Kiema aliingia majini mpaka magotini akamtoa kambare kwa mikono miwili, na Kamanthe akaketi chini palepale ukingoni. Alipoushika ufito usawa wa jicho, ulikuwa umenyooka kama ulivyotoka mfukoni.

Juu ya kishikio, chini ya vanishi, palikuwa na jina la fundi wa kwanza na mwaka wa 1954, kwa wino mwembamba. Mzee Yahya alikuja na kalamu. Alimtaka Kamanthe aandike lake kwenye ncha, penye unene wake wa chini. Kamanthe alikataa, akasema yeye ni msuguaji tu. Kiema ndiye aliyemwambia, "Andika." Akaandika, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la tano: Kamanthe, Wamunyu, 1998.

Mzee Yahya alifariki mwaka wa 2004, na ufito alimwachia binti yake Swabra, ambaye hadi leo huutoa na kuufuta vumbi kila Ijumaa. Kamanthe, kwa mwanzi uliobaki na mwingine alioukausha juu ya meko miaka mitatu, alitengeneza fito nne nzima. Mbili ziliharibika. Moja ilikwenda kwa mvuvi wa Nyeri. Ya nne ni yake. Jumapili nyingine baada ya misa huenda nayo bwawani, na mara nyingi hafungi ndoana. Watu wanaopita barabarani husimama kumtazama yule mama mwenye leso, na kamba inayokwenda nyuma yake, ikangoja, ikarudi. Safari moja Nzuki alikuwa miongoni mwao. Alisimama muda mrefu, kofia mkononi, kisha akashuka ukingoni na kumwomba amwonyeshe jinsi ya kuushika.