Pazia la Mama Asiyelala

Fundi cherehani alipima kitambaa kwa mkono, akamtazama dada yake juu ya miwani.

"Pazia? Wewe? Nyumba yako si duka la vioo?"

"Shona tu, mdogo wangu."

"Nashona. Nauliza ili nijue kama ni la kufunika dirisha au ni la kupigia picha."

Dada mtu alimsogezea kitambaa. Dirisha la sebule yake lilikuwa limekaa bila pazia miaka kumi na minne, na ndugu wote walijua kwa nini. Alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha ndani cha mdogo wake, ambako binti yake mwenyewe wa miaka kumi na sita alikuwa akiishi tangu mwezi uliopita. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula kuliko mimi. Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Binti huyo alipozaliwa alikuwa hajui kulala. Mama yake, karani wa mapokezi katika zahanati ya meno, alikuwa likizo ya uzazi. Mchana, mtoto akimsinzilia mapajani, alichapa maneno kwenye simu kwa kidole gumba kimoja, hathubutu kutikisika. Blogu yake akaiita Mama Asiyelala. Aliandika jinsi alivyotia chumvi kwenye uji badala ya sukari na mtoto akaumaliza wote. Aliandika jinsi alivyojifungia chooni alie kidogo, akatoka akamkuta mtoto amelala fofofo, akalia tena kwa hasira. Hapakuwa na picha hata moja. Wanawake kama arobaini walikuwa wakimjibu, wakimtania, wakimpa pole. Ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyemwambia ajikaze.

Kisha akaweka picha moja, mguu tu wa mtoto. Wakaja watu mia tatu. Akaweka uso. Kampuni ya sabuni ikamletea katoni nzima mlangoni, akaipokea kwa machozi ya furaha kwa sababu baba wa mtoto alikuwa amekwisha kwenda zake, na sabuni ni sabuni. Hakuna aliyemdanganya. Ubaya wa jambo hili ndio huo: kila hatua ilikuwa ndogo, na kila hatua ilikuwa na mtu wa kumshukuru. Maandishi yakapungua yakawa aya moja, yakawa mstari, mwishowe ukabaki muziki tu juu ya video. Wale waliokuwa wakimpa pole sasa walimuuliza gauni la mtoto kanunua wapi. Akaacha kazi ya zahanati. Akang'oa pazia ili mwanga uingie vizuri.

Na nyumbani likaingia neno jipya: rudia. Mtoto akicheka jikoni, aliitwa dirishani acheke tena. Akishangaa zawadi, zawadi ilifungwa upya. Alipokuwa na miaka minne alianguka kutoka kitini, goti likachubuka, damu ikatoka. Aliinuka kimya, akachechemea mpaka dirishani, akageuza uso kwenye mwanga, ndipo akaanza kulia. Mama yake alikisimulia kisa hicho mtandaoni kama kichekesho. Maelfu ya watu wazima wakacheka. Kampuni ya nepi ikampigia simu wiki hiyohiyo. Katika hao wote hakutokea hata mmoja wa kuuliza mtoto huyo amefundishwa nini.

Jino la mbele lilipong'olewa, mtoto ana miaka sita, alilia ukumbini, gizani.

"Njoo hapa, mwanangu. Rudia kidogo tu."

Mara ya kwanza alikuwa amelia kwa sababu ya jino. Mara ya pili alilia kwa sababu ameambiwa arudie, na picha iliyopatikana ni hiyo: pengo, kamasi, alama nyeusi ya kuzaliwa chini ya jicho, na macho yanayomtazama aliyeshika simu. Mama yake akaandika chini yake, Nimechoka na dunia. Kabla ya mwezi kwisha watu walikuwa wameigeuza stika, wakawa wanatumiana kwenye simu kila Jumatatu asubuhi.

Alipofika miaka kumi na mitatu binti alianza kuficha uso. Watazamaji nao hawakuwa na haja na msichana mwenye chunusi. Kampuni zikahamia kwa akina mama wengine, wenye watoto wachanga. Mama Asiyelala alihangaika, akacheza ngoma za vijana, akasifia chai ya kupunguza tumbo ambayo mwenyewe hakuwahi kuinywa. Mwishowe akarudi zahanati, kiti kilekile, meza ileile.

Halafu binti akaanza shule mpya, na mwenzake mmoja akaitambua ile alama chini ya jicho. Kufikia saa nne darasa zima lilikuwa linamwita Nimechoka. Siku hiyo hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa mama yake mdogo, akampigia mama yake simu.

"Futa yote, mama. Ukifuta nitarudi."

"Mbona hukuwahi kuniambia hupendi?"

"Uliniuliza lini?"

Mama angeweza kuufuta ukurasa wote mara moja. Aliona haitoshi. Alifuta moja moja wakati wa chakula cha mchana, wiki mbili nzima, akiitazama kila picha kabla haijatoweka. Akafika chini kabisa, kwenye maandishi ya mwanzo. Akampigia mdogo wake.

"Na haya nayo? Hayana picha."

Mdogo wake alisimamisha cherehani. "Dada, amesema yote."

Akaufuta uji wa chumvi. Akafuta choo, na kilio cha chooni.

Jumamosi binti alikuja. Aliona pazia, akaligusa pindo.

"Mama mdogo ndiye kashona?"

"Kashona, na matusi juu."

Binti alitabasamu kidogo. Mama akaenda kumimina chai, simu akaiacha mezani. Ikalia. Muuguzi ameandika kwenye kundi la wafanyakazi wa zahanati kwamba Jumatatu kuna wagonjwa sitini, na chini ya maneno hayo ameweka stika ya mtoto mwenye pengo.

Mama alirudi akakuta binti ameishika simu, anaitazama stika. Akaweka vikombe chini, akaichukua, akaandika: Huyo mtoto ni binti yangu. Naomba msitume tena picha yake.

Muuguzi akajibu upesi: Pole sana dada, sikujua. Akaifuta. Dakika moja baadaye daktari wa meno, ambaye hakuwa amesoma ujumbe huo, aliituma ileile, mara mbili.

"Haiishi," binti alisema. "Hata nikiwa bibi kizee itakuwa inatumwa."

"Mwanangu..."

"Lakini umeomba. Nimeona."

Aliinuka akalivuta pazia. Sebule ikaingia giza. Akakaa kwenye kochi, na mama yake akasikia pumzi ikikatika, kisha kilio. Hakuuona uso. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukisikiliza kilio hicho. Alikuwa akikitazama tu, akipima kama kinafaa. Alitaka kusogea, akaogopa. Alibaki amesimama kando ya meza, mikono mitupu, hadi chai ikapoa.

Binti alipomaliza alinawa uso bafuni, akachukua mkoba wake.

"Nilidhani unarudi," mama alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo, nilipokuwa njiani."

"Nimefuta yote."

"Najua, mama. Nitakuja Jumamosi ijayo."

Mama alimsindikiza hadi mlangoni. Binti akashuka ngazi bila kugeuka. Zamani mama angekimbilia dirishani kumwona akitokeza barabarani, na mwanga wa saa hiyo ulikuwa mzuri. Alirudi akakaa kwenye kochi, upande ambao bado ulikuwa na joto, na pazia hakuligusa.