Ng'ombe Waliopinduliwa Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya chokaa. Nilikuwa nimetoka Kituntu kwa miguu, nimevaa shati langu la kipaimara, nikidhani nitaonyeshwa miwani. Bwana Mkubwa, Mzungu aliyefungua chumba cha kupimia macho pale Nyaishozi zama za Mwingereza, alinitazama juu mpaka chini. "Paka rangi kwanza," akasema. "Ukinitengenezea chumba ambacho watu watakikumbuka, nitakufundisha kupima macho."

Ahadi hiyo ndiyo iliyoniweka pale. Ninyi vijana mnaiona kazi ya upimaji kama kazi nyingine yoyote. Kwetu, mtu aliyejua kuchagua lenzi, yaani kile kioo kinachomrudishia mtu nuru yake, aliheshimiwa kuliko karani wa baraza. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota.

Bwana Mkubwa alikuwa na wazo, na sitamnyima haki yake, lilikuwa zuri: mteja akiingia ajue yuko kwake, hata ubao wa mlangoni ukianguka. Nikapaka kuta chokaa, na kwa chini nikazungusha mkanda wa udongo mwekundu. Sakafuni nikatandika nyasi mbichi, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima. Mkanda uleule nikauchora kwenye vikasha vya miwani, kwenye kioo cha kujitazamia na kwenye kiti cha mteja. Muda si mrefu watu wakawa wanaambiana, "Twende kwa Mkanda Mwekundu." Jina la mwenyewe hakuna aliyelishika.

Nilipomkumbusha ahadi, akasema bado wafugaji. Wenye kahawa walikuwa wanakuja, lakini wenye ng'ombe kule mbugani walipita mbali. "Chumba kiseme lugha yao," akaniagiza. Bango la kupimia, lenye herufi kubwa juu na ndogo chini, halikuwafaa wasiojua kusoma. Akataka nichore ng'ombe badala ya herufi: wengine pembe zielekee juu, wengine kulia, wengine kushoto, wengine chini. Mteja angeonyesha kwa mkono zinakoelekea. Nilichora kwa moyo wangu wote, maana nilijua baada ya hapo ni zamu yangu kufundishwa.

Mfugaji wa kwanza kuja alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akaketi. Bwana Mkubwa akaninong'oneza nianze na wale wa pembe chini. Nikaweka kidole. Mzee akakunja uso, akasogea mbele.

"Ente hizi zimekufa na nini?"

"Ng'ombe hawa hawajafa, mzee. Ni picha tu. Nionyeshe pembe."

"Ng'ombe miguu juu, unaniambia hajafa? Hii ni sotoka. Mimi sotoka imenimalizia zizi, nanyi mnaniita nije kutazama mizoga?"

Akainuka, akatoka bila kuaga. Habari zikafika mbugani kwamba Mkanda Mwekundu ni nyumba ya sotoka, na hakuna mfugaji aliyekanyaga tena pale.

"Wewe ni mtu wa huku," Bwana Mkubwa akanifokea. "Ulipaswa kujua!"

"Bwana, mimi ni mtu wa migomba. Kwetu hatujawahi kufuga hata ndama."

"Migomba, ng'ombe, ninyi nyote ni walewale."

Nilimchukia siku ile, na sijaacha. Aliyewaza wale ng'ombe ni yeye, lakini aliyeadhibiwa ni mimi. Nafasi ya kujifunza alipewa kijana aliyeletwa kutoka Bukoba, nami nikahamishiwa tawi jipya kule kijiji cha Ndama, nikapake mkanda mwekundu huko pia. Bwana Mkubwa alipoondoka akaja Bwana Msimamizi. Nilimweleza habari ya ahadi. Akauliza, "Kwani wewe si yule wa rangi?" Akarudi kwenye chai yake.

Nilistaafu nikiwa yule wa rangi. Chumba kilifanya kazi yake barabara. Mpaka leo wapo wazee wanaoukumbuka mkanda ule. Hapa Kituntu wananiita Daktari wa Macho. Kina mama huniletea watoto wao, wanawafumbua kope mbele yangu, wananiuliza, "Daktari, anaona huyu?" Nawainamia, natazama, nawaambia wawapeleke hospitali. Sijui natazama nini.