Mguu wa Nane wa Mpangaji

Juzi nilijikata kidole. Nilikuwa nakata vitunguu katika jiko la hosteli ya wasichana ninakopikia, hapa Nyamitanga, na kabla sijafikiri nikawa nimeshachovya kidole kwenye unga. Mpishi mwenzangu, Mnyankole asiyekawia kucheka, akanikodolea macho. "Nyabo, wewe iko sawa? Hiyo ni kidonda, si samaki ya kukaanga." Nikacheka naye, nikafunga kitambaa. Lakini moyo ulikuwa umeshafika kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa bibi yangu na kwa buibui.

Usikunje uso, rafiki. Huyu hakuwa buibui wa kwenye kona za nyumba. Alikuwa wa mitini, mnene, mwenye manyoya ya rangi ya udongo, na akitandaza miguu alijaza kiganja changu cha miaka tisa. Aliishi katika tundu la mgunga nyuma ya nyumba yetu, mlangoni ametundika pazia la utando. Mvua ilipoangusha tawi lenye lile tundu nilimkuta chini amejikunyata, nikamhamishia ndani ya kopo la mafuta ya msaada, na kipande cha gome la kupandia. Nikamwita Mpangaji.

Bibi, niliyemwita koko kama wengi wetu tuliotoka Kivu Kusini, hakumpenda hata kidogo. Alimkubali kwa sharti kwamba kopo likae nje, chini ya upenu, mbali na chakula. Nadhani alimkubali kwa sababu ya mbwa. Tulipokimbia kwetu nilimwacha mbwa wangu amesimama njiani, na miezi mingi baadaye bado nilikuwa nalia nikisikia mbwa wa watu wakibweka. Koko alilijua hilo bila kuambiwa.

Kila asubuhi nilipanga madumu kwenye foleni ya bomba, halafu nikaenda kuwinda panzi kwenye maharage. Mpangaji alipata panzi wake mmoja, na maji katika kifuniko cha soda. Jirani yetu alikuwa mama wa Kirundi aliyekaanga mandazi ya kuuza, na harufu ya mafuta yake ndiyo iliyotuamsha. Siku moja alikuja kuazima kinu, akaona miguu minane inapanda ukuta. Kosa lilikuwa langu, sikufunga kopo vizuri. Jirani akashika ufagio, akapiga.

Nilipofika mbio, Mpangaji alikuwa chini, na mguu wake mmoja umebaki ukutani. Pale ulipong'oka palitoka tone la majimaji, likafuata jingine. Jirani alisema buibui hana damu, nisilie bure. Mimi nilichojua ni kwamba naachwa tena.

Koko akatoka jikoni, akainama, akatazama.

"Ile ni damu," akasema. "Na iko naisha. Umushike na kitambaa, usimufinye."

Nyumbani kwetu kulikuwa na unga wa aina mbili. Wa mahindi ulikuwa wa mgao, na koko aliula kwa sababu tumbo halina kiburi. Wa muhogo aliununua kidogo kidogo sokoni, akautundika kwenye boriti, ukisubiri Jumapili, maana kwake ugali usio wa muhogo haukuwa ugali. Nilimwona akilipita debe la mahindi. Alishusha kile kifuko, akachota kwa ncha ya kijiko, akanyunyiza kwenye jeraha na kukandamiza taratibu, uso ameugeuzia pembeni kwa kinyaa. Majimaji yakakoma.

"Njo vile tulikuwa natengeneza kuku kwetu, ikivunjika kucha," akasema. Kisha akamgeukia jirani. "Na wewe mama, mugonjwa ni wako. Utakuwa nakuja kumuona. Na kwa mugonjwa habaendake mikono mitupu."

Jirani alidhani ni mzaha, lakini koko hakucheka. Kesho yake jirani alifika na mandazi mawili ya kwetu, na panzi wa mgonjwa amefungwa kwenye jani. Akaja tena siku iliyofuata, na nyingine. Mwanzoni alisimama mbali na kunyoosha mkono. Baada ya wiki moja alikuwa anaketi kabisa kando ya kopo na kuniuliza mgonjwa ameamkaje.

Mgonjwa hakuamka vizuri. Alikataa kula wiki mbili, kisha tatu, na panzi wakamrukia mgongoni bila woga. Rangi yake ikafifia. Nilishinda nimeinamia kopo hadi koko akanifukuza: "Hata miye ukiniangalia hivyo, sitakula."

Jumapili moja nikamkuta chali, miguu juu. Koko alikuwa ameshavaa kitenge cha ibada. Alinifuta machozi kwa ncha yake, akasema tutamzika tukirudi. Sikusikia mahubiri. Nilichoona ni kwamba koko, ambaye sauti yake siku zote ilizidi ya kwaya nzima, hakuimba.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kuchukua jembe. Mimi nikachungulia ndani ya kopo, na mlikuwa na buibui wawili. Mmoja alikuwa ganda tupu, kama lile nyoka analojivua, limepasuka juu. Mwingine alisimama kando yake, mbichi, manyoya mapya, kwa miguu minane. Wa nane ulikuwa mwembamba, mfupi na mweupe, lakini ulikuwa mguu. Koko aliweka jembe chini, akaketi mchangani na kitenge chake cha kanisani, akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akakumbuka kukasirika. "Ile ganda haitakaa karibu na chakula yangu. Lete, nitatupa miye mwenyewe."

Mpangaji alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha nikamrudisha kwenye mgunga wake na nikafurahi kumwona akipanda. Sasa mgunga wenyewe umeshakuwa makaa. Jirani alipata safari ya ng'ambo, na sijui huko anamkaangia nani mandazi. Koko tulimzika Nakivale, mzee aliyeshiba siku zake.

Baada ya msiba nilifungua kopo lake la makaratasi. Kulikuwa na kadi ya mgao, cheti cha ubatizo, na chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua polepole. Lilikuwa lile ganda, jepesi, lenye miguu saba, na pale penye pengo la wa nane unga wa muhogo bado ulikuwa umeshika.