Nimetambaa na Mzungu kiwandani

Salome, tangu mavuno hujakanyaga kwangu, na leo umekosa kumwona bibi yako akitambaa sakafuni na Mzungu.
Jirani anaandika, mimi nasema tu.

Unajua nachagua pamba hapa kiwandani Kagongwa.
Fundi wetu mgeni, huyo Mzungu, hajui Kisukuma, na Kiswahili hana.
Ni mzee wa watu, mvi zake zinazidi zangu.

Asubuhi nikaona moshi kwenye magunia ya pamba nyuma yake.
Jasho la wakulima wote hilo, na aliyeuona moshi ni mimi peke yangu.
Nikamkimbilia.

Lakini mtu mzima humwambii neno kabla ya salamu. Nikapiga magoti kumwamkia.
Fundi akadhani nimeangusha kitu. Naye huyo chini, anapapasa sakafu.
Nikamwambia, "Moto, baba."
Akaniokotea kifungo.

Akatukuta mwenzangu Mama Bahati, yule Mzinza wa Chato mwenye masikio mazito.
"Hereni imeangukia wapi?" Akachukua ufagio.
Wazee watatu tumeinamia vumbi, pamba inaungua.

Nikamshika Fundi kichwa kwa mikono miwili, nikakigeuza kwenye moshi.
Akaruka kama swala. Tukamwaga maji, likapotea gunia moja tu.

Jioni Fundi kaja kwangu na sukari. Kapiga magoti mlangoni, mwanaume mzima, majirani wanatazama.

Basi ukija Jumapili ukamkuta, usicheke.
Piga magoti nawe, na ukisimama umpe mkono ainuke, maana magoti yake yamechoka.