Dume Aliyetaga Mayai

Asubuhi moja nilifika kazini nikamkuta yule samaki mkubwa amekufa, amelala ubavu juu ya mchanga wa tangi, rangi yake ya chungwa imefifia. Nilikuwa mpokeaji wageni katika kliniki ya meno katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, na katika kazi zangu zote hakuna niliyoipenda kama kulitunza lile tangi la kioo la chumba cha kungojea. Daktari, mama wa Kihindi aliyekuwa akiishi mtaa wa Loresho, ndiye aliyenifundisha kuchanganya chumvi na maji yaliyochujwa, kuyapima, kufuta kioo, na kuwalisha wale samaki wawili bila kuwazidishia. Mimi mzaliwa wa Vihiga sikuwa nimewahi kuona bahari. Bahari niliyoijua ilikuwa hiyo, isiyozidi upana wa meza.

"Pole, dada," Daktari aliniambia. Aliona nimelia. "Huyo alikuwa jike. Aliyebaki ni dume. Lakini ngoja tu, atageuka."

"Ageuke awe nini, Daktari?"

"Awe jike."

Nilidhani ananifariji. Kwetu fahali ni fahali mpaka siku ya kuchinjwa.

Yule aliyebaki alijificha siku kadhaa ndani ya anemoni, kiumbe kama ua lenye vidole laini, ambavyo huwachoma samaki wengine lakini yeye alivilalia kama godoro. Kisha akaanza kula. Akala, akanenepa, akawa mkubwa kuliko marehemu. Daktari akaleta kengine kadogo, kama ukucha wa kidole gumba. Yule mkubwa alikafukuza huku na huku, nako kakawa kanasimama mbele yake kakitetemeka mwili mzima, hadi siku moja nikawakuta wamelala pamoja.

Mwaka mzima haukuwa umepita tangu yule wa kwanza afe. Siku moja, saa sita mchana, niliwaona wakisugua jiwe moja kwa midomo, kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Halafu yule mkubwa akapitisha tumbo lake juu ya jiwe, polepole, akiacha vitone vya rangi ya chungwa, mstari baada ya mstari.

"Daktari! Ametaga!"

Alitoka mbio na glavu mkononi. Nyuma yake akaja mgonjwa wake, fundi wa magari kutoka Kabiria, kitambaa bado shingoni na nusu ya uso imekufa ganzi.

"Huyo ndio mama yao?" fundi akauliza kwa shida.

"Ndiye," nikamjibu. "Mwaka jana alikuwa dume."

Alinitazama, akamtazama Daktari, ambaye alitikisa kichwa kukubali. "Haki ya Mungu," akasema, mate yakimtoka upande mmoja. Tulisimama pale sote watatu, na jino likangoja.

Yule mdogo, baba yao, hakuondoka kwenye lile jiwe. Aliyapepea mayai kwa mapezi yake kutwa, akiokota yaliyoharibika. Siku ya sita niliinamia kioo nikaona kila yai lilikuwa na macho mawili ya fedha. Mamia ya macho, yakiangalia nje. Nimezaa watoto watatu, nami nilidhani habari za kuzaliwa nazijua.

Nilimpigia mama yangu simu kumweleza.

"Mbona unanong'ona?" akauliza. "Uko kazini ama kanisani?"



Juma lililofuata nilikuta jiwe tupu. Watoto walikuwa wameanguliwa usiku, na pampu ya kusafisha maji ilikuwa imewavuta karibu wote. Waliosalia hawakumaliza siku. Daktari alinieleza kwamba watoto hao huhitaji tangi lao, na chakula kidogo kisichoonekana kwa macho. Niliumia. Hata kufuta kioo nilishindwa.

Lakini siku chache baadaye, nikipanga kadi za wagonjwa, nilisikia Daktari akiniita kwa sauti ya chini. Wale wawili walikuwa wameanza tena kusugua. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye. Simu ya mezani ikalia, na hakuna kati yetu aliyeinuka.