Nilivyomwinukia wifi yangu bila kukusudia

Leo nimemsema wifi yangu mbele ya bustani nzima ya watu, na mdomo sikufungua.

Kile kikundi cha taarabu cha Unguja nnachokipenda tangu nasoma kimekuja Maskati. Kinapiga nje, kwenye majani ya hoteli, alasiri, upepo mzuri.
Miaka yote mie nnawasikiliza kwenye gari tu.

Basi fidla ilipoanza nyimbo yangu, nikasahau dunia. Nikainuka, nikaenda mbele kumtunza mwimbaji pesa, mikono juu, machozi yananitoka.

Ubeti wenyewe unamsema wifi mchonganishi.

Na kwetu mnajua, ukiinukia ubeti, umeshautuma kwa mtu.

Kugeuka, naona vichwa vyote vinamtazama Samira, dada wa mume wangu, kakaa safu ya pili na juisi yake.

Nikarudi kitini. "Wifi, wallahi nnaipenda nyimbo tu."
"Mbona sijasema kitu," akajibu.

Ubeti wa pili, wifi anajibu: mke wa kaka hata wali unamshinda.
Samira akaweka juisi chini. Akainuka polepole, akapita mbele yangu makusudi, akaenda kutunza.
Vigelegele bustani nzima. Hata mie nilitaka kupiga, maana alicheza vizuri.

Sasa naandika nikiwa kwenye gari yake, tunarudi nyumbani Bawshar. Ametia CD ya nyimbo ile ile.
Ubeti wangu anauruka. Wake anaongeza sauti.

Nishaurini, niteremke hapa Al Khuwair, au nimwitikie?