Onyo: Marudio Yamepatikana

Niseme ukweli, nilimdharau karani wetu tangu siku ya kwanza. Pale Awendo, katika ofisi ya chama chetu cha wakulima wa miwa, mimi ndiye niliyeandika programu ya kupanga zamu za kukata. Yeye alikuwa wa kubonyeza tu. Kila Jumatatu alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaingiza orodha ya mashamba yaliyokomaa, na programu ikapanga trekta iende kwa nani kwanza. Kabla ya kumaliza iliuliza: "ONYO: Marudio yamepatikana. Endelea? n/h". Yeye alibonyeza n, yaani ndiyo, huku anamenya njugu.

Siku moja akaingia mama mjane na muwa wake, akaulaza mezani, akaupasua kwa kisu. Ndani ulikuwa mkavu, mweupe, kama gunzi.

"Mwaka mzima nangoja trekta," alisema. "Inakata kwa mke mwenzangu, mimi inanipita. Mnanionea kwa sababu mume amekufa? Sina shamba lingine mimi."

Nikatafuta. Kwenye orodha tuliyoingiza jina lake lilikuwepo. Kwenye zamu, halipo. Nikamgeukia karani palepale mbele ya mama wa watu.

"We dada, kwani husomi? Kila wiki unaonywa! Hayo macho ni ya kutafutia njugu tu?"

Hakupandisha sauti. "Nasoma sana. Haya, mwenye akili, niambie: marudio ya nini? Nikibonyeza n kunatokea nini? Na nikibonyeza h?"

Aka! Ilibidi nifungue programu yangu mwenyewe niisome kama mgeni, wanawake wawili wakinitazama. Nikaukuta ujanja wangu umekaa hapo: watu wakiwa na namba moja ya shamba, abaki wa kwanza, wengine wafutwe. Na huku kwetu nani asiyejua? Ardhi bado iko kwa jina la babu. Wake wenza, mashemeji, wote wanalima chini ya namba moja, kila mtu na kipande chake. Anayelijua hilo halafu akawaita watu marudio ni mpumbavu aliyekubuhu, na huyo mpumbavu ni mimi. Kumbe nyani haoni kundule.

Nikaandika upya: "Watu hawa wanne wana namba moja ya shamba. Ukiwafuta, watatu wa mwisho hawatakatiwa miwa. Andika FUTA au WAACHE." Chini yake, majina yao yote. Karani akasoma mara moja, akaguna.

"Sasa umeongea na binadamu," alisema.

Trekta ilifika kwa mjane wiki hiyohiyo. Miwa ilikataliwa kiwandani, yote, akabaki na kuni. Sikuwa na uso wa kwenda kumpa pole.

Kabla sijaitupa programu ya zamani, niliijaribu kwa nyumba yetu: mama zangu watatu, namba moja, ya babu. ONYO: Marudio yamepatikana. Nikabonyeza n. Akabaki mikayi, mke wa kwanza wa baba, peke yake. Mama aliyenizaa ni wa tatu.